Prodyuza anataka tungo zangu zote: nitie saini au niendelee kujitegemea?

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 27, mkazi wa Kisauni hapa Mombasa. Mchana ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na jioni za mwisho wa wiki naimba na gitaa langu katika mkahawa mmoja wa Nyali na, msimu wa wageni ukifika, katika hoteli za Bamburi na Shanzu. Nyimbo nyingi ninazoimba nimezitunga mwenyewe. Ni nyimbo za kisasa ambazo kijana yeyote anaweza kuzicheza, lakini mapigo yake nimeyachota katika ngoma za kwetu Giriama. Nina mwenzangu anayecheza kayamba na mwingine anayepuliza nzumari, na maneno ni ya Kiswahili, yakiingia Kigiriama pale ambapo moyo unakataa kusema kwa lugha nyingine.

Nimetoa nyimbo chache kwa fedha zangu. Zimesikilizwa, watu wamezisifu, lakini kilichorudi mfukoni ni kidogo sana. Sasa ametokea prodyuza mmoja mwenye studio yake hapa mjini, ambaye alinisikia nikiimba katika harusi. Anasema atagharimia albamu nzima na video tatu, na anipe Sh300,000 taslimu siku ya kutia saini. Mkataba aliouleta ni wa miaka saba. Unasema rekodi zote nitakazofanya katika muda huo ni mali yake, kwamba tungo zangu zote, za zamani na zijazo, ninamhamishia yeye duniani kote na kwa muda wote wa hakimiliki, na kwamba nitalipwa asilimia 30 ya kitakachobaki baada ya gharama. Yeye ndiye atakayekuwa meneja wangu pia. Ukurasa wa mwisho una maneno kwamba ninathibitisha tungo zote ni zangu peke yangu.

Maneno hayo ya mwisho yamenikosesha usingizi, kwa sababu wimbo anaoupenda kuliko zote, na ambao anataka uwe wa kwanza katika albamu, kiitikio chake nilikisikia kwa nyanya yangu kule Kaloleni, akiuimba na wenzake kwenye shughuli za kijijini. Beti ni zangu, na mpangilio wa gitaa ni wangu, lakini kiitikio ni cha wazee.

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, ananihimiza nitie saini niache kazi ya ukarani, kwa sababu bahati kama hii haibishi hodi kila siku. Mama ananyamaza tu. Marafiki wananiambia nipande treni niende Nairobi, kwamba Mombasa mwimbaji huishia kuimbia watalii. Nimechoka kuwa peke yangu katika kila kitu, Bi Mshauri. Je, nitie saini? Je, niache kazi? Na wimbo wa nyanya nifanye nao nini?

Mimi, Mwimbaji wa Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mkataba wako kama ulivyoueleza, na jibu langu la kwanza ni kwamba usiutie saini kama ulivyo. Huyo prodyuza huenda ana nia njema kabisa, na fedha anazoweka mezani ni fedha za kweli ambazo wasanii wengi wa pwani hawajawahi kuahidiwa. Tatizo ni kwamba anakulipa kwa ajili ya albamu moja lakini anachukua maisha yako yote ya utunzi, na mambo hayo mawili hayana uzito sawa.

Ili uone ninachokisema, tenganisha kwanza vitu viwili ambavyo mkataba huo umevifunga pamoja. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti uliyoibuni, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studioni siku fulani. Kila kimoja kina hakimiliki yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki juu ya utunzi wake tangu pale unapowekwa katika umbo linaloshikika, iwe umeuandika au umejirekodi kwenye simu, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mkataba unaposema "kwa muda wote wa hakimiliki", unazungumzia watoto wako na pengine wajukuu wako, ambao watakuwa wakiusikia wimbo wako redioni ilhali fedha zinaenda kwa familia ya mtu mwingine. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu mpaka kuandikwe na kutiwa saini na anayehamisha, jambo ambalo lina maana kwamba hadi leo, hata kama mmezungumza mengi na kukubaliana mengi kwa mdomo, hujapoteza kitu.

Rekodi ni habari tofauti, na hapa nataka uwe mwadilifu kwa prodyuza pia. Sheria humhesabu kuwa mwenye rekodi yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Akilipia studio, wapigaji na mhandisi wa sauti, ana hoja nzuri ya kudai rekodi hizo, na ni haki arudishiwe gharama zake na apate faida juu yake. Wasanii wengi wanaojitegemea hujikwaa hapa: wanakubali kurekodiwa bure na rafiki, hawaandiki chochote, kisha wimbo unapopendwa wanagundua kwamba masta, yaani rekodi asili, iko kwa mtu ambaye hawana mkataba naye. Kwa nyimbo ulizozitoa kwa fedha zako, mwenye mipango ni wewe. Tafuta risiti za studio, na kama huna, mwombe mwenye studio akuandikie barua fupi ya kuthibitisha, kabla kumbukumbu hazijafifia.

Sasa angalia asilimia 30 "baada ya gharama". Maneno hayo hayana thamani yoyote mpaka yajibu maswali ambayo mkataba umeyakwepa: gharama zipi, zina kikomo gani, nani anazihesabu, na wewe una ruhusa ya kuziona hesabu? Video tatu zinaweza kumeza fedha nyingi kiasi kwamba albamu yako, hata ikipendwa, itumie miaka kadhaa kulipa deni kabla hujaona senti. Tena, ile Sh300,000 ya siku ya kwanza, ni zawadi au ni malipo ya awali yatakayokatwa katika mgawo wako? Kama mkataba haukusema, hesabu kwamba itakatwa. Lililonishtua zaidi ni kwamba mtu huyo huyo ndiye atakayekuwa meneja wako. Kazi ya meneja ni kukutetea mbele ya mwenye lebo, yaani mwenye kampuni ya kurekodi, na kwa kawaida hulipwa kati ya asilimia 15 na 20 ya mapato yako kwa utetezi huo. Akiwa yeye ndiye mwenye lebo, na ndiye mmiliki wa tungo zako, siku mkikosana hutakuwa na mtu wa kukusemea.

Mrudie kwa heshima na pendekezo lako. Mwambie unakubali kurekodi naye albamu hii moja. Rekodi za albamu hiyo awe na leseni ya kuziuza peke yake kwa miaka mitano, kisha zirudi kwako. Tungo zibaki zako zote. Gharama ziwekewe kikomo kinachotajwa kwa tarakimu, hesabu zitolewe kila baada ya miezi sita, na uwe na haki ya kuleta mhasibu azikague. Gharama zikisharudi, mgawane nusu kwa nusu. Umeneja utolewe kabisa katika karatasi hiyo. Mfanyabiashara anayeamini muziki wako atakaa mzungumze, na pengine atabishana kuhusu ile miaka mitano au mgawo, nayo ni mabishano halali. Akikasirika na kusema ni hivyo au basi, utakuwa umejua alichokuwa anakinunua. Na kabla ya saini yoyote, mlipe wakili aupitie mkataba wa mwisho, wakili wako na asiwe wa prodyuza. Ni gharama ndogo mbele ya miaka saba.

Nakuja kwenye wimbo wa nyanya, ambao kwangu mimi ndio kiini cha barua yako, na nakupongeza kwa kukosa usingizi kwa ajili yake. Ukurasa ule wa mwisho unakutaka uthibitishe kwamba tungo zote ni zako peke yako. Ukitia saini maneno hayo ukijua kiitikio ni cha wazee wa Kaloleni, utakuwa umesema uongo kwa maandishi, na siku mtu wa ukoo atakapojitokeza kudai, anayeshtakiwa na prodyuza kwa kuvunja mkataba ni wewe. Huwezi kumhamishia mtu kitu ambacho si chako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayozitambua jamii kuwa wenye nyimbo, ngoma na hadithi zao za mapokeo, inayotaka ridhaa yao kabla ya kuzitumia kibiashara, na inayozipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista yake. Kuzaliwa katika jamii hiyo kunakupa ruhusa ya kuimba kwenye shughuli za kwenu. Kuuza albamu duniani ni jambo jingine.

Kwa hiyo nenda Kaloleni, na mama yako mfuatane. Nahisi ule unyamavu wake una jambo ndani yake, na pengine safari hii ndiyo itakayomfungua mdomo. Kaeni na nyanya yako kama yu hai, na wanawake walioimba naye, na wazee wanaohusika. Waimbie wimbo wako mzima kwa gitaa, ili wasije wakaridhia kitu wasichokijua. Ulizeni kama kiitikio hicho kina masharti, maana kuna nyimbo za shughuli maalumu ambazo wazee hawapendi ziimbwe ovyo, na wakikataa, ukubali na utunge kiitikio kipya. Wakiridhia, kubalianeni jamii itapata nini, andikeni karatasi, na warekodi wao wakiimba wenyewe, kwa sababu sauti hizo hazitakuwepo daima. Kisha kila mahali wimbo utakapotajwa, iandikwe kwamba kiitikio ni cha mapokeo ya Wagiriama, na beti na mpangilio ni wako. Hujapunguza sifa yako hata chembe. Wimbo wa "Malaika" umezunguka dunia nzima tangu Fadhili William alipourekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga; nyimbo hukumbukwa kuliko karatasi zake, na karatasi zikikosekana mabishano huwa hayaishi.

Nyimbo ambazo ni zako kabisa, zisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO), ambayo hupokea maombi mtandaoni. Haki unayo hata bila kusajili, lakini cheti ni ushahidi wa mwanzo mbele ya hakimu. Wenzako wa kayamba na nzumari nao uwakumbuke: siku ya kurekodi, kabla hamjatoka studioni, andikeni karatasi inayosema nani ametunga maneno, nani sauti, nani amepiga chombo gani na atalipwa vipi, na kila mmoja atie saini. Kwa miaka mingi vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo, vimekuwa vitatu, navyo havifanyi kazi moja: MCSK kwa watunzi na wachapishaji wa muziki, PRISK kwa waimbaji na wapigaji, na KAMP kwa wenye rekodi. Wewe ni mtunzi, mwimbaji, na mwenye rekodi kwa zile ulizolipia, kwa hiyo una sababu ya kujiunga na zaidi ya kimoja. Leseni zao hutolewa na Bodi kwa muda maalumu, basi uliza Bodi kwanza ni kipi kina leseni wakati unapojiunga.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu waimbaji wa mji huu huombwa sana nyimbo za matangazo na za kampeni za mashirika. Kwa kazi ya kuagizwa, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Andika hayo makubaliano mengine kabla hujaanza kutunga.

Kuhusu fedha kidogo zilizorudi, usijihukumu. Spotify ilifungua huduma zake Kenya mwaka 2021, na tangu 2024 haiulipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. YouTube haigawi mapato ya matangazo mpaka chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja, au video fupi zenye kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Msanii wa pwani mwenye wasikilizaji wachache waaminifu hawezi kula kwa njia hiyo peke yake. Rekodi kwako ni barua ya utambulisho inayotangulia kabla hujafika, na kipato kinatoka kwenye jukwaa: hoteli, harusi, sherehe za mashirika, matamasha. Miito ya simu nayo usiidharau, kwa kuwa marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yanataka mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato yake. Kiitikio kifupi chenye kayamba hukaa vizuri kwenye Skiza, huduma ya miito ya Safaricom, kuliko wimbo mrefu wa mapenzi.

Marafiki wanaosema kwamba Mombasa mwimbaji huishia kuimbia watalii hawajatazama nyuma. Them Mushrooms walikuwa wakipiga katika hoteli za pwani hii hii, na ni katika mazingira hayo ya kuwaimbia wageni Teddy Kalanda alipata "Jambo Bwana", waliyoirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ikaimbwa upya na bendi za Ulaya. Nairobi nenda kwa maonyesho, urudi, treni ipo. Huna haja ya kuhamia huko na kulipa kodi ya nyumba kwa muziki ambao mizizi yake iko Kaloleni. Hapa kuna Alliance Française ya Mombasa, kuna Swahilipot Hub kwa vijana wa sanaa, na ng'ambo ya maji kuna tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na ambalo huwa Februari, linalotaka hasa wasanii wanaopiga vyombo mubashara. Wewe na wenzako wa kayamba na nzumari mko tayari kwa jukwaa la namna hiyo kuliko mwimbaji anayefuata muziki wa kompyuta. Maombi hupokelewa miezi mingi kabla, basi anza kuandaa video moja nzuri mkipiga bila kukatakata.

Kazi ya ukarani usiiache sasa. Mshahara huo ndio unaokupa nguvu ya kukataa mkataba mbaya. Msimu wa hoteli hushuka masika yanapoingia, na Ramadhani jukwaa nyingi za mji huu hunyamaza. Mwimbaji asiye na kipato kingine hutia saini chochote katika miezi hiyo. Utakapoona kwamba mapato ya jukwaani yamekulisha mwaka mzima, miezi mikavu ikiwemo, tutazungumza tena.

Umesema umechoka kuwa peke yako, na naamini hilo ndilo linalokusukuma kwenye kalamu kuliko fedha. Kujitegemea hakukulazimishi kufanya kila kitu kwa mikono yako miwili. Tafuta mtu wa kukupangia maonyesho kwa kamisheni ya kila onyesho, mtu ambaye mkishindwana mnaachana bila kugawana nyimbo. Wapigaji wako nao wape sehemu ya uamuzi, watabeba sehemu ya mzigo.

Mjomba wako amekulea, kwa hiyo usimpelekee habari hii ikiwa imeshakamilika. Mfuate nyumbani kwake na mkataba mkononi, umsomee kile kipengele cha tungo zote kwa Kiswahili chepesi, polepole, na umweleze kuhusu ile miaka 50. Kisha mwombe afuatane nawe siku ya kukutana na prodyuza, akae upande wako wa meza. Mkutano huo uombe mapema, lakini usiupange kabla hujarudi kutoka Kaloleni, kwa sababu jibu la wazee ndilo litakaloamua ni nyimbo gani unazo za kuweka mezani.